TAHARIRI: Mzigo wa Mwenzio



Katika kila parokia yupo Mkristo ambaye kila jambo humwangukia yeye. Ni katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ni mweka hazina wa kigango, ni mwanakwaya. Siku za juma hufundisha shuleni au huuguza wagonjwa katika zahanati, na jioni humngoja maji, kuni na watoto. Hakosi mkutano. Daftari lake la michango li safi. Tukimjulia hali hujibu kwamba ni mzima, nasi humshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha humwongezea kamati nyingine.

Twapenda kumzungumzia mtu huyo kwa sababu mara nyingi yeye si mzima. Usingizi haumjii ingawa mwili umechoka. Kichwa na mgongo humwuma miezi kwa miezi. Huwakaripia watoto kwa jambo dogo, na husali kwa midomo huku moyo umepoa. Kazi inaendelea, lakini mwenye kazi anakwisha. Uchovu wa namna hii ni mgumu kutambulika, kwa kuwa tumezoea kumjua mgonjwa kwa kushindwa kuamka. Anayeamka na kutimiza yote hatumdhanii kuwa na shida.

Hali hii si uvivu, wala si upungufu wa imani. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa Marekani aliandika habari zake baada ya kuiona miongoni mwa watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa katika zahanati ya bure mjini New York. Yaani aliitambua kwa wale waliojitoa kwa moyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiotafutiwa dawa, yenye alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kupungukiwa ufanisi. Tuzingatie maneno hayo. Chanzo chake si tabia ya mtu peke yake, bali pia namna kazi zilivyopangwa na kugawanywa. Hapo ndipo suala hili linapokuwa la haki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka kwa kawaida kikomo cha saa 45 za kazi kwa juma, mapumziko ya saa 24 kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Basi parokia yenye kuajiri mpishi, mlinzi au mwalimu wa chekechea na ijiulize kama watu hao wanazipata haki hizo. Lakini sheria haimfikii mama katika kazi zake za nyumbani, wala haimfikii kiongozi wa walei anayejitolea. Siku ya Dominika, ambayo wengine hupumzika, yeye ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote. Huyo hana mlinzi isipokuwa dhamiri zetu. Sifa tunazompa mbele ya waamini haziwezi kushika nafasi ya haki anayostahili.

Maandiko yanatufundisha utaratibu mwema. Nabii Eliya, baada ya ushindi wake mlimani Karmeli, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumhubiria juu ya uvumilivu. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo safari ikaendelea. Baadaye aliambiwa kwamba hakuwa peke yake, na akapewa Elisha awe mrithi wake. Kwanza mwili, kisha kazi, kisha msaidizi: sisi mara nyingi twaanza na kazi, na msaidizi hatumkumbuki.

Hivyo basi twashauri mambo machache. Kwako wewe uliyechoka: sema. Mwambie mwenzi wako, padre wako au rafiki mmoja mwaminifu jinsi hali ilivyo, si jinsi inavyoonekana. Chagua jukumu moja uliweke chini msimu huu, na usitafute jingine la kujaza nafasi yake. Usingizi na mlo visiwe mabaki ya siku. Usitazamie nguvu kurudi kwa siku moja. Kilichomomonyoka kwa miaka hakijengwi kwa juma moja, na mapumziko hayaponyi iwapo utaurudia mzigo ule ule. Na kama huzuni haiondoki, au kama wazo la kufa linakujia, nenda hospitali upesi. Kutafuta tiba si kumwacha Mungu.

Kwa Halmashauri za Walei: hesabuni majukumu ya kila kiongozi, na asiwepo mwenye zaidi ya mawili. Kipindi cha uongozi kikiisha, kiishe kweli. Kila katibu awe na msaidizi anayejifunza kazi kwa vitendo, na mikutano iwe na saa ya kufungwa. Kiongozi akiomba kupumzika, asiulizwe amekosana na nani.

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali wauona mwepesi. Njia ya kuujua uzito wake ni kuushika kwa mkono. Basi Jumuiya zitakapokutana juma hili, kabla ya kugawa kazi mpya, kila mmoja na amwulize jirani yake ni kazi ipi angependa kupokelewa, kisha aipokee.