Masikio ya Mtoto Yasingoje Shule

Mtoto atokwaye usaha masikioni mara nyingi huitwa mzito wa kuelewa. Hata mimi, mwalimu wa isimu, nimewahi kutoa hukumu hiyo, nami nikakosea.

Katika shina la ubongo, sauti za masikio mawili hulinganishwa. Ishara za sikio lililo karibu na sauti huchochea seli za neva. Za sikio la pili huzizuia kwa kemikali iitwayo glisini. Kwa mvutano huo twajua sauti yatoka upande gani, nasi twaweza kumfuata msemaji mmoja penye kelele.

Uchunguzi wa wanyama wachanga waonyesha kwamba uzuiaji huo hauzaliwi ukiwa kamili. Baadhi ya miunganisho hunyamazishwa, mingine huimarishwa. Na usikivu ukipotea mapema, uzuiaji hudhoofika. Samaki mkunje angali mbichi.

Basi kwa nini tungoje mtoto afike darasani? Kliniki zinazompima uzani na zimkague masikio pia. Kumlaumu kwa lugha ambayo hakuisikia vyema ni dhuluma, wala si malezi.