Mkono Usiopima

Wapo mafundi wa mashua ndogo wanaoona fahari kuchanganya gundi ya epoksi kwa kukisia. Ikiwa nzito na haitandai vizuri juu ya plaiwudi, hutia thina. Ikichelewa kukauka, huongeza hadina. Ukiwauliza, hukujibu kwamba mkono wa fundi ndio kipimo. Mimi nasema la hasha. Kwa epoksi, mkono usiopima ni mkono unaotoboa chombo.

Sina nia ya kuwavunjia mafundi heshima. Jicho la fundi wa pwani hukadiria taruma na kulikalisha mahali pake bila mchoro, na anayelidharau jicho hilo hajaona dau likiundwa. Lakini umbo la mbao huonekana. Uwiano wa vitu viwili ndani ya kopo hauonekani. Mchanganyiko mbovu hung'aa sawasawa na ulio mzuri.

Asili ya kosa hili si ujinga, ni mazoea. Wengi walianza na rezini ya poliesta, ile ya kazi za faiba. Humo kichocheo ni kidogo mno, aghalabu asilimia 1 au 2, na ukikizidisha kidogo rezini huganda upesi. Epoksi haina tabia hiyo. Hadina yake huungana na rezini na kuwa kitu kimoja, kwa uwiano aliouweka mtengenezaji: pengine 5 kwa 1, pengine 3 kwa 1 au 2 kwa 1. Hadina ya ziada haina cha kuungana nacho. Hubaki humo ikiilegeza gundi maisha yote ya chombo.

Na thina je? Kampuni ya ndugu Gougeon, ya Michigan nchini Marekani, ililipima jambo hili: thina asilimia 5 tu hupunguza uwezo wa epoksi wa kuhimili mgandamizo kwa takribani asilimia 35. Ni kweli gundi itateleza vizuri chini ya brashi. Lakini tunaunda mashua au tunapaka ukuta?

Mwenye kutaka itandae laini na azingatie joto, usafi na wembamba. Epoksi yenye uvuguvugu hulainika yenyewe, ingawa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza muda wa kuifanyia kazi kwa karibu nusu. Kwa hiyo changanya kidogo, koroga ukikwangua pembe na kitako cha kopo, kisha imimine upesi katika sinia pana, kwani ikirundikana ndani ya kopo hujipasha moto hata kufuka moshi. Isambaze kwa kikwangulio cha plastiki, ipitishie rola ya sponji, malizia kwa brashi ya sponji bila kukandamiza. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene. Fanya kazi alasiri mbao zinapoanza kupoa. Asubuhi, zikipata joto, hutoa hewa na kujaza mapovu. Penye mafuta, hata ya vidole, epoksi hujikusanya na kuacha vishimo. Na kwenye unyevunyevu kama wa pwani yetu, ikikauka huweza kuota utando wa kuteleza. Huo uoshwe kwa maji safi kabla ya kupiga msasa.

Wataniambia kuwa fundi maskini hana mizani. Jibu langu ni kwamba palipoelekezwa kupima kwa ujazo, chombo kilichonyooka pande zake na kijiti chenye alama vyatosha. Anayestahili lawama zaidi ni muuzaji anayeigawa gundi katika chupa tupu za soda, zisizo na maandishi, na kumwachia fundi abahatishe. Tena ni aibu kwamba uwiano hufundishwa ubaoni tangu shule ya msingi, ukaishia ubaoni. Kijana aliyepata alama zote katika hesabu hizo huingia karakanani akaambiwa asipime, naye akatii.

Atakayeketi ndani ya mashua hiyo na nyavu zake, mbali na ufuko, hakuwepo gundi ilipochanganywa. Hawezi kuichungulia ndani ya kiungo akajua kama ilikuwa sahihi. Kwa sababu hiyo, kupima ni haki yake, wala si hiari ya fundi.