Tusiwazike Wazee Pamoja na Majina Yao

Wako watu wasemao kwamba Mwafrika hahitaji karatasi ili kuujua ukoo wake, kwa kuwa wazee wapo na watamsimulia. Mimi siafikiani nao. Wazee wanapungua, na hapa Hurlingham ninapokaa wako vijana wengi wasioweza kumtaja baba wa babu yao.

Tazama barabara yetu yenyewe. Inaitwa Argwings Kodhek kwa sababu wakili huyo, aliyekuwa waziri, alifikwa na mauti barabarani humu mwezi wa Januari 1969. Mkubwa akifa, barabara humkumbuka. Je, mtu mdogo atakumbukwa na nani?

Fuata Barabara ya Ngong hadi makaburi ya vita. Humo wamelazwa askari wa Vita Kuu ya Pili, Waafrika wakiwamo, na mjukuu aweza kusoma jina la babu yake juu ya jiwe. Lakini wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariokor, walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi. Radhi ni jambo jema, walakini haimwonyeshi mjukuu alipolala babu yake.

Basi kosa hilo tusilirudie majumbani mwetu. Mtu wa mjini kifo chake huandikwa Nairobi, maziko hufanyika mashambani, na pengine ndoa yake ilifungwa kimila bila cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa za kimila nazo ziandikishwe. Wengi wanapuuza, hata mume afapo, mjane huambiwa na mashemeji kwamba hakuolewa. Cheti kimoja kingemwokoa leo, na kesho kingewaambia wajukuu bibi yao alikuwa nani.

Anayetafuta ukoo wake na aanze kwa wazee walio hai, kisha aombe vyeti vya ndoa na vya vifo, halafu aende makaburini akalinganishe majina na miaka. Karatasi hukosea, na mzee naye husahau. Vikilinganishwa, ukweli hujitokeza.

Nawe, ndugu msomaji, ukimzika mtu wako, andika jina lake kamili, ukoo wake na mahali alipolazwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukoo ni mali kushinda shamba.