Hujui Kupiga Kinanda? Biashara ya Muziki Bado Inakuhitaji

Tuseme uko Ifo, umemaliza fomu foo, na harusi ikikaribia ni wewe unayetafutwa. Unajua mwimbaji yupi ana nafasi, spika nzuri ziko kwa nani, na jenereta ya nani haizimi katikati ya buraanbur. Unakusanya michango kwa simu, unalipa kila mtu, na asubuhi hakuna anayekudai. Lakini ukishika kinanda, hata watoto wanacheka. Je, unaweza kuomba kozi ya biashara ya muziki chuoni?

Sisi tunasema ndiyo. Na ushahidi wa kukubeba huenda uko kwenye simu yako tayari.

Muziki haubebwi na sauti peke yake

Mwaka 1988, Hargeisa ilipokuwa ikipigwa mabomu, kanda nyingi za muziki wa Kisomali zilifichwa, nyingine zikafukiwa ardhini. Mwaka 2017 baadhi ya nyimbo hizo zilitoka kwenye albamu ya Sweet as Broken Dates, na mwaka huohuo albamu hiyo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Waimbaji walifanya kazi yao zamani. Lakini bila watu wa kuficha, kuchimbua, kupanga na kuuza, dunia isingewasikia.

Jirani zetu Watanzania wanamkumbuka Ruge Mutahaba wa Clouds Media, aliyefariki Februari 2019. Jina lake halikutokana na kuimba. Lilitokana na kuwalea na kuwatangaza wasanii, wakiwemo Barnaba na Mwasiti waliopitia Tanzania House of Talent. Hiyo ndiyo kazi ambayo kozi hizi zinafundisha: mikataba, hakimiliki, matangazo, bajeti ya shoo.

Soma masharti kabla ya kukata tamaa

Wengi huchanganya shahada ya muziki na kozi ya biashara ya muziki. Ya kwanza mara nyingi hutaka usaili wa kuimba au kupiga ala. Ya pili inategemea chuo. Mfano mzuri ni Berklee, Marekani: ukiomba shahada ya kusomea chuoni Boston, utafanyiwa usaili wa muziki. Lakini tawi lao la mtandaoni, Berklee Online, linafundisha shahada ya biashara ya muziki bila usaili huo. Ada yake ni ya dola na si mchezo, ila inaonyesha kwamba mlango si mmoja.

Hapa Kenya kipimo cha kawaida ni KCSE: C+ kwa shahada, C- kwa diploma. Ukikosa kozi yenye jina la muziki, diploma ya biashara au masoko ni njia nzuri tu. Sisi wenyewe tumesomea masoko, na tunajua kanuni za kuuza sabuni zinasaidia pia kuuza wimbo. Tena wapo wazazi ambao muziki kwao ni suala la dini. Hatutabishana nao hapa. Cheti cha biashara hakikufungi kwenye kazi moja, na hilo ni jambo la kuzungumza nao nyumbani mapema, kwa heshima.

Tunajua pia kwamba kwa mkimbizi, kutoka Dadaab kwenda Nairobi kunahitaji kibali. Lakini chuo kikuu kilishawahi kutufuata huku: Kenyatta University ilifungua kampasi Dadaab mwaka 2012. Kwa hiyo uliza kuhusu masomo ya mtandaoni, na uliza kuhusu ufadhili kama DAFI na WUSC.

Usidanganye kuhusu kipaji

Usiandike kwenye fomu kwamba unapiga gitaa kama hupigi. Utaulizwa. Jifunze ya msingi badala yake: kuhesabu mapigo, kutofautisha ubeti na kiitikio, kusikia mwimbaji anapotoka nje ya ufunguo. Miezi mitatu na rafiki mwenye kinanda inatosha kukutoa kwenye sifuri.

Kisha jua sheria. Marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria ya hakimiliki yalisema mapato ya wimbo wa kumsubirisha anayepiga simu yagawanywe ili msanii au mwenye haki apate si chini ya asilimia 52. Wimbo ukiingiza shilingi 1,000, hizo ni 520 angalau. Ukiweza kueleza hesabu hiyo mbele ya wasaili, hakuna atakayekuuliza kuhusu kinanda.

Stetimenti yako ndiyo usaili wako

Tangu Bamba Chakula ifike Dadaab mwaka 2016, familia nyingi zimezoea pesa na matumizi ya nyumbani kupita kwenye laini ya simu. Itumie laini hiyo kujenga rekodi. Tenga laini au Till moja kwa kazi za muziki tu. Kila harusi iwe na ukurasa wake: michango 30,000, mwimbaji 12,000, spika na jenereta 8,000, usafiri 3,000, baki 7,000. Kurasa kumi za namna hiyo, zikilingana na stetimenti, zinasema mengi kuliko barua ya kujisifu.

Ila kabla ya kuituma chuoni, funika majina na namba za watu wengine. Hizo ni siri zao.

Ada isiliwe njiani

Hapa ndipo ndoto nyingi hufia. Mtu anakupigia: "Nafasi ipo hata kama hujui muziki, tuma ada ya usajili kwa namba yangu." Usitume. Kutojua muziki si kosa linalofutwa kwa hongo.

- Lipa kwa Paybill au akaunti ya benki iliyo kwenye barua au tovuti rasmi ya chuo, kamwe si kwa namba ya mtu binafsi.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Kama si la chuo, sitisha.
- Andika namba yako ya usajili kwenye sehemu ya akaunti, na uhifadhi SMS ya malipo.
- PIN yako haihitajiki na chuo chochote, ajenti yeyote, wala sisi.

Wiki hii fanya jambo moja tu: omba stetimenti ya miezi sita, kaa na kalamu, uweke alama kila shilingi iliyotokana na muziki. Huenda ukagundua kwamba biashara hii ulishaianza zamani.