Aliye Gizani Haoni? Nani Kasema?

Nimefuta kurasa nne za riwaya yangu kwa sababu ya kitabu cha mchezo. Nalisema mapema ili msomaji ajue hasira yangu si ya kuazima.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na jamaa wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Mnakaa mezani, kila mtu anajifanya mhusika fulani, mmoja anakuwa msimamizi wa hadithi, na penye mashaka mnatupa kete yenye pande 20. Kwa sisi tunaotaka kuwa waandishi ni mchezo mtamu, sikatai. Kijiweni kwetu Kirumba tumeucheza mpaka mama mwenye nyumba akaja kuzima taa. Ugomvi wangu ni na wale wanaokishika kile kitabu kama hati ya kiwanja.

Katika sura yangu ya tatu kuna kijana wa magendo. Amelala kifudifudi nyuma ya jiwe, ufukoni, usiku usio na mwezi. Anatazama taa za mitumbwi ya dagaa, anasubiri ile itakayozimwa mara mbili. Mshikaji wetu mmoja, mwenye kitabu cha toleo la 2014, akanirudishia daftari. "Hapa umechemsha, kaka. Mtu aliye ndani ya giza nene ni sawa na kipofu. Imeandikwa." Akanifungulia ukurasa. Na kweli, ilikuwa imeandikwa hivyo. Nikaona aibu, nikafuta.

Mimi! Mtoto wa Igogo!

Jamani, hebu nenda kasimame gizani ufukoni, utazame ziwani wakati wa dagaa. Taa zimejipanga kama mji mwingine umeota majini. Wewe uliye gizani unaziona zote, na mtumbwi ukiwa karibu unamwona hata anayeinama kuvuta wavu. Yeye aliye kando ya karabai, au hizi taa za betri za siku hizi, ndiye asiyekuona. Mwanga wake mwenyewe umemziba macho. Hilo halihitaji shule, mtoto yeyote wa mvuvi analijua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wenye mchezo wenyewe walikwishaona kosa. Walitoa masahihisho: anayehesabiwa kipofu ni yule anayejaribu kuona kitu kilichomo gizani, siyo aliyemo humo. Wao wamejisahihisha, sisi Kirumba tunafuta kurasa kwa kosa lao la zamani!

Na siyo hilo tu. Katika toleo hilo hilo la 2014, rafiki akisimama kati yako na adui anahesabiwa kuwa kinga ya nusu, unaongezewa 2 kwenye ulinzi wako. Mishale inapungua, lakini kujificha nyuma yake huruhusiwi, labda uwe wa kile kizazi cha vijitu vifupi waitwao halfling, tena wa aina moja tu. Basi nenda Mwaloni saa ya soko, mtu anayekudai akitokea, ujibanze nyuma ya mama aliyebeba beseni la dagaa. Uone kama utaulizwa kizazi chako.

Mwaka 2024 wakaja na sheria mpya. Sasa ukiwa nyuma ya kinga ya kutosha au kwenye giza nene, na adui hakuoni, unatupa kete. Ukipata 15 au zaidi pamoja na nyongeza zako, unahesabiwa kuwa huonekani. Hali hiyo inakwisha ukipiga kelele kuzidi mnong'ono, ukishambulia, ukitamka uchawi, au adui akikugundua. Kutoka nyuma ya jiwe hakumo katika orodha hiyo. Basi wapo wanaodai unaweza kutoka, ukapita katikati ya chumba chenye taa mbele ya mlinzi, naye asikuone kwa sababu kete ilisema 15. Wengine wanajibu kwamba ukitoka hadharani umeshagunduliwa, basi. Usiku mzima wanabishana hivyo.

Nikamwambia mshikaji, kombolela ililimaliza hili zamani. Akacheka. Eti kombolela ni mchezo wa watoto, hauna sheria.

Hauna sheria? Pale kwetu mtafutaji alikuwa na kopo lake, sisi tumetawanyika mlimani nyuma ya mawe. Kukuona hakukutosha. Ilibidi akutaje jina kisha aliwahi kopo, na jina liwe lako. Ndiyo maana tulikuwa tunabadilishana mashati. Unatoa mgongo makusudi, mgongo wote, hadharani kabisa. Anapiga kelele, "Masanja, nimekuona!" Kumbe aliyevaa shati la Masanja ni mimi. Anarudi kuhesabu upya. Na huku akihangaika, mmoja anateremka mbio, anapiga teke kopo, "Kombolela!", walioshikwa wote huru. Mtu ameonekana na bado amejificha! Kitabu chenye kurasa mia tatu hakijafika hapo, kwa sababu kinauliza jiwe lina ukubwa gani. Sisi tulikuwa tunauliza mtafutaji anajua nini.

Na nyie waandishi wenzangu wa hadithi za upelelezi msijifanye hamhusiki. Nimesoma miswada yenu. Jasusi anajibanza nyuma ya pazia, majambazi wanapanga wizi kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna hata mmoja anayesikia pumzi, hakuna anayeona viatu. Mlinzi wenu hana macho wala historia. Hana hata jina la kumwitia mtu anayemshuku. Mmemweka pale kama gunia la mihogo, halafu mnataka nishike roho.

Zile kurasa nne nimeziandika upya. Kijana yuko pale pale nyuma ya jiwe, anaziona taa zote. Safari hii amevaa shati la mwenzake.