FUNDI WA NYUMBANI: Milango ya Land Rover Mwambaoni mwa Ziwa Mweru

Nchelenge ipo kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Msomaji wa Lindi asishangae akisikia kwamba watu wa huko husafiri kwenda Kilwa. Kipo kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa hilo, upande wa Zambia, na upo mji wa Kilwa upande wa Kongo, wala hapana magofu ya masultani. Wakazi wengi wa mwambao huo huishi kwa samaki. Wale wadogo waitwao chisense, wanaofanana na dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani, hutiwa magunia na kusafirishwa kwenda miji ya mbali.

Katika mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la mwambao huo ni kali. Ndani ya Land Rover kuukuu joto la injini hupenya sakafuni, na harufu ya mzigo hutoka nyuma ikamkalia dereva shingoni. Si ajabu basi kwamba mwenye gari huchukua spana, akang'oa milango na kuiegemeza ukutani mwa nyumba, gari likabaki wazi pande zote mbili. Upepo wa ziwa huingia bure, na magunia hupakiwa upesi.

Gari lenyewe halikatai. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na waliolitengeneza walikuwa wameiga mfano wa jipu la Kimarekani la wakati wa vita, ambalo halikuwa na milango ya bati. Hapo mwanzo hata milango na paa vilihesabiwa kuwa vitu vya ziada, vya kununuliwa kando. Uzito wa gari hubebwa na chesisi ya chuma iliyo chini, na milango haishikilii bodi. Mtu anayedai kwamba gari litapinda likikosa milango hajalitazama chini.

Lakini mlango una kazi nyingine, nayo ni kumzuia aliye ndani asitoke. Katika familia nyingi gari la mzigo ndilo hilo hilo linalompeleka mama zahanati na watoto kanisani. Mtoto hukaa ukingoni kwa sababu ndipo penye upepo. Gari likikata kona au gurudumu likiingia shimoni, mtoto huyo hana cha kumzuia. Kamba iliyofungwa toka nguzo hadi nguzo, ambayo watu huiamini sana, humzuia mtu mzima kifuani. Mtoto hupita chini yake. Mkanda wa usalama ndio wenye kufaa, lakini magari mengi ya zamani hayana, au yanao uliochakaa. Haifai kabisa kumpakia mtoto katika gari lisilo na milango, hata kama safari ni ya kutoka Kashikishi hadi Nchelenge tu, miji miwili iliyokaribia kuungana.

Kwa wenye Land Rover za Series, yaani zile zilizoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980, jawabu limo ndani ya mlango wenyewe. Mlango huo ni vipande viwili. Kipande cha juu, chenye kioo, kina miguu miwili yenye nati iliyoingia katika kipande cha chini. Nati hizo zikilegezwa, kipande cha juu hunyanyuliwa kwa mikono, na kipande cha chini hubaki mahali pake pamoja na kitasa chake. Upepo huingia karibu wote, na ukuta wa bati hubaki ukifika usawa wa mbavu za mtoto aliyeketi. Kazi hiyo haichukui muda mrefu nati zikiwa hazijashika kutu. Ni jambo la kusikitisha kwamba watu huacha njia hii rahisi, wakang'oa mlango mzima.

Hata hivyo zipo sababu njema za kung'oa mlango mzima. Kubwa ni kutu. Bati la nje la mlango ni la aluminiamu, na fremu ya ndani ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, huliana. Mchanga na maji ya samaki hutulia chini ya mlango, na siku moja fundi hubonyeza kwa kidole akakuta hamna kitu. Hapo sharti mlango utolewe, ulazwe, utengenezwe. Wakati unaofaa ni kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa ili samaki wazaane na magari mengi yanapokuwa yamesimama. Ni majira ya mvua, hivyo kazi ifanyiwe chini ya paa.

Siku moja kabla ya kazi, bolti za bawaba zipakwe mafuta mepesi yanayopenya. Asubuhi yake, kabla ya kugusa bolti yoyote, mstari uchorwe kwa msumari kuizunguka kila bawaba. Mstari huo ndio utakaoonyesha mahali pa kurudishia, na asiyeuchora atahangaika baadaye. Kisha ufunguliwe mshipi au chuma kinachozuia mlango usifunguke kupita kiasi. Katika magari ya baadaye yenye vitasa vya umeme au spika milangoni, nyaya zitenganishwe kwanza.

Watu wawili wanatosha. Mmoja aushike mlango, au uwekewe gogo chini lililofunikwa gunia. Mwingine alegeze bolti, akianza na bawaba ya chini na kumaliza na ya juu. Bolti ikizunguka tu bila kutoka, huenda nati iliyo nyuma ya bati inazunguka nayo, na hapo mtu wa pili aishike kwa spana kutoka ndani. Kuipiga kwa nyundo ni kuharibu bati. Vibati vyembamba vinavyoonekana nyuma ya bawaba visitupwe, kwani ndivyo vinavyoupa mlango nafasi yake. Bolti za kila bawaba zitiwe katika kopo lake.

Mlango wa kushoto na wa kulia ihifadhiwe wima, juu ya ubao, mbali na kuku na watoto. Ukilazwa ardhini hupinda kwa kukanyagwa, na mlango uliopinda haurudi kwa upole.

Wakati wa kurudisha, haraka ndiyo huharibu kazi. Grisi kidogo ipakwe kwenye nyuzi za bolti na mahali chuma kinapokutana na aluminiamu. Mlango uinuliwe juu ya gogo lile lile, bolti zote ziingizwe kwa vidole, hakuna ya kukazwa bado. Bawaba zikishakaa ndani ya mistari iliyochorwa, ya juu ikazwe kiasi, kisha ya chini, na mlango ufungwe polepole. Ukigonga nguzo kwa chini, ulegezwe, uinuliwe kidogo, ujaribiwe tena. Kuusukuma kwa goti hadi ufunge ni tabia ya mafundi wa njiani, na matokeo yake ni kitasa kinachoshika nusu.

Kitasa cha namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na mlango, maana aliye ndani huuegemea akiamini umefungwa. Kwa hiyo bolti zikishakazwa zote, mtu asimame nje, mwingine ausukume mlango kutoka ndani kwa kiganja, kwa nguvu, mara tatu au nne. Ukicheza, kipande cha kitasa kilicho nguzoni kisogezwe mpaka ushike. Katika magari ambayo vioo vya kutazamia nyuma vimefungwa kwenye bawaba za milango, vioo navyo virekebishwe dereva akiwa ameketi. Baada ya safari ya kwanza kwenye barabara ya vumbi, spana ipitishwe tena kwenye bolti zote kabla ya mtoto yeyote kupanda.