Kambi si Darasa la Usiku

Maneno husafiri kama watu, na kama watu, baadhi yao hupotea njiani. Neno kambi limetembea sana katika nchi yetu. Katika karne ya 19 lilikuwa mahali pa kutua misafara iliyotoka Pangani na Saadani kwenda bara: mizigo chini, moto katikati, na zamu ya kulinda usiku. Baadaye mkonge ulipotawala Tanga, kambi ikawa safu za nyumba za manamba, watu walioletwa kutoka mikoa ya mbali kukata majani yenye miiba. Tarehe 10 Julai 1963 Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa, na kambi ikawa ya vijana wa jembe na gwaride. Wilayani Handeni, kambi ya Mkuyu na kisha makazi ya Chogo yaliwapokea Wazigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani Somalia, nao wajukuu wakarejea wakimbizi katika nchi ya asili yao. Na kwa Wamijikenda wa Kenya, kambi ni baraza la wazee wenye kukata mashauri. Sidai kwamba maneno haya yana mzizi mmoja. Nasema tu kwamba popote sauti hiyo iliposikika palikuwa na watu waliopaswa kuishi pamoja, kugawana kazi, na kuongozwa.

Leo neno hilo limefika pabaya. Mwulize mwanafunzi wa darasa la saba au wa kidato cha nne maana ya kambi. Aghalabu atakujibu kuwa ni majuma kadhaa ya kulala shuleni, likizo ikiwemo, akijibu maswali ya mitihani ya miaka iliyopita mchana, na kuyarudia usiku mpaka macho yakatae. Hapana moto, hapana mto, hapana mlima. Hapana uongozi pia, isipokuwa wa kengele. Jina la safari limevikwa kifungo, na wazazi hulipia kifungo hicho kwa furaha.

Madai ya insha hii ni mepesi kusema na mazito kutenda. Kila kijana wa shule ana haki ya kuishi siku kadhaa za likizo yake porini, pamoja na wenzake, chini ya uongozi ambao yeye mwenyewe ana zamu ndani yake. Mwenye kumnyima haki hiyo kwa jina la mtihani amempunja elimu, hata kama cheti chake kitajaa alama za juu.

Watetezi wa darasa la usiku hawakosi hoja, na si haki kuzipuuza. Husema kwamba mtihani ndio mlango, na mtoto wa maskini hana ufunguo mwingine. Ni kweli. Lakini mwaka wa masomo una siku nyingi za darasa, na jambo lililoshindwa kufundishwa katika siku hizo halitafundishika katika usiku wa mwisho wa mtoto aliyechoka. Darasa la usiku ni kiraka cha mchana uliopasuka. Tushone mchana. Isitoshe, elimu inayotungiwa mtihani ina habari ya mito, udongo, mimea na wanyama ndani yake. Nimesoma insha nyingi za vijana ambamo ndege wote huitwa ndege, miti yote huitwa miti, na mandhari yote hupendeza. Vijana hao si wajinga wa Kiswahili. Wamepewa maneno bila vitu, na neno lisilo na kitu ni kama kibuyu kitupu: hulia sana likigongwa, na kiu haiishi.

Chukua Ngombezi kuwa mfano. Ngombezi iko Korogwe, kando ya Mto Pangani ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, katika nchi ya mashamba ya mkonge, na milima ya Usambara huonekana upande wa kaskazini. Hapahitajiki mtu kusafirisha vijana hadi Serengeti ili waone maumbile. Kambi ya siku saba mahali hapo ingekuwa na masomo kuliko siku zake.

Mto pekee ungetosha. Maji yake huanza Kilimanjaro na Meru, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hushuka hadi Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale iliyojengwa mwaka 1964, kisha huingia baharini Pangani. Mkulima wa juu akifungua mfereji, mtambo wa chini husikia. Tangu mwaka 1991 bonde hilo lina bodi yake ya maji, kwa sababu maji yale yale hudaiwa na wenye mashamba, wenye mifugo, wavuvi na wenye umeme. Kijana aliyechota ndoo mtoni, akaibeba kwa kichwa hadi jikoni, akaona jinsi wenzake ishirini wanavyoimaliza kabla ya adhuhuri, ameanza kuelewa neno mgawo. Mgawo ni siasa, na siasa ni uongozi.

Mkonge nao ni kitabu. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliuleta kutoka Florida, na katika shehena yake miche 62 tu ndiyo iliyosalimika. Kutoka miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Yalizaliwa pia makabila mchanganyiko ya Korogwe, maana manamba walikuja na ndimi zao, ngoma zao na makaburi yao. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na nyuzi za viwandani zikaivunja bei. Nani atamweleza kijana mambo hayo vizuri zaidi kuliko mzee aliyekata mkonge, ameketi na vijana penye moto, akiwaonyesha kovu la mwiba?

Na milima je? Katika Usambara, mwaka 1892, mtawala wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliona ua dogo la zambarau, akapeleka habari zake Ulaya. Ua hilo likaitwa Saintpaulia kwa jina lake, na leo limo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mwaka 1902 Wajerumani wakajenga Amani chuo cha utafiti wa mimea. Wageni walisafiri bahari mbili kuja kusoma milima ambayo mtoto wa Ngombezi huiona kila asubuhi, naye haruhusiwi kuipanda kwa sababu ana kambi. Anajua kwamba majani hutengeneza chakula chake kwa mwanga. Hajui kuutofautisha mvule na mkangazi, wala kwamba Wasambaa huita msambu mti ule ambao mbegu zake hutoa mafuta. Majina hayo hayafi siku moja. Hufa kila likizo, mzee mmoja baada ya mwingine.

Hapa huinuka mpinzani wa pili, naye husema: kulala porini ni mchezo wa Wazungu, sisi wazee wetu walihangaika ili tutoke porini. Mpinzani huyu amesahau haraka. Kabla ya shule kuja, kijana wa pwani na wa bara alitengwa na mji, akaenda kumbini, akakaa chini ya ngariba na kungwi, akafundishwa kuvumilia, kunyamaza, kusaidiana na kuheshimu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza habari za jando. Wasichana nao walikuwa na unyago wao. Hata misheni iliona nguvu ya shule hiyo: huko Masasi, tangu mwaka 1913, Vincent Lucas wa UMCA, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1926, hakulifuta jando bali alijaribu kulitia katika ibada ya Kikristo. Basi Baden-Powell alipopeleka wavulana 20 katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, na shule ya mlimani ya Outward Bound ilipofunguliwa Loitokitok mwaka 1952, vijana wa Afrika ya Mashariki hawakuletewa jambo jipya. Waliletewa jina jipya na viatu.

Lakini tusilipambe jando kupita kiasi. Katika kumbi nyingi mwari hakuwa na kauli. Maonevu yalifichwa kwa jina la siri, na hofu ilihesabiwa kuwa adabu. Tukiirudisha kambi ya porini, turudishe mafunzo yake bila mateso yake. Na wasichana wawe na haki sawa na wavulana, katika kupika na katika kuamuru.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri, maana kambi mbaya ni mbaya kuliko hakuna kambi. Ziko namna mbili za uongozi potofu ambazo huvamia kambi za vijana. Ya kwanza ni uongozi wa fimbo. Mwalimu humteua kiranja mwenye kifua na sauti, akampa filimbi. Na kiranja, kwa kuwa hana lingine alilofundishwa, hupiga filimbi. Ya pili ni uongozi wa karatasi. Vijana huketishwa chini ya hema, husomewa sifa kumi za kiongozi bora, hupewa cheti na fulana, na huku kuni zimekatwa na mpishi wa kukodi. Wa kwanza hufundisha woga, wa pili hufundisha maneno. Hakuna hata mmoja unaofundisha kuongoza.

Watu wengine hujibu kwamba tuige Jeshi la Kujenga Taifa. Naliheshimu jeshi hilo na kazi yake, lakini jeshi ni jeshi: amri hushuka, utii hupanda, na ndivyo inavyopasa. Shule ya uongozi wa raia ni nyingine. Hata hivyo katika historia ya jeshi hilo kuna somo moja ambalo kila mkuu wa kambi angefaa kulijua. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya utumishi wa lazima, ambao baada ya miezi ya kambini uliwataka wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza mamia yao. Watu hubishana mpaka leo kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini palepale alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alijua kwamba mwenye kuwataka wengine wabebe mzigo hawezi kusimama mikono mitupu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kambi, na haihitaji hotuba: kiongozi hubeba kwanza, hula mwisho.

Sheria nyingine hufuata hiyo. Vijana wagawanywe katika vikundi vya watu sita hadi wanane, maana hapo kila mtu huonekana na mvivu hana pa kujificha. Uongozi wa kikundi uwe kwa zamu, siku kwa siku, ili aliyeamuru jana aamriwe leo na kuonja amri yake. Kazi za maji, kuni, jiko, choo na ulinzi wa moto zizunguke bila kuangalia nani mtoto wa nani. Kila jioni kikundi kikae, kiongozi wa siku aulizwe kilichoharibika, naye ajibu bila kumsingizia asiyekuwapo. Watu wazima wawepo, wasikie, wasiingilie ila penye hatari.

Na hatari ipo. Mzazi anayeogopa ana sababu. Mto Pangani una mamba na viboko, na mahali pa kuchota si mahali pa kuoga. Kwa hiyo kambi isiwekwe na mgeni aliyesoma ramani tu. Mvuvi wa hapo aulizwe penye usalama, mganga wa zahanati ajulishwe, na likizo ichaguliwe kwa akili: mwezi wa Juni masika imekwisha, kipupwe kimeingia, njia zimekauka na usiku una baridi ya kuwakusanya watu motoni. Kumkubali mvuvi asiye na cheti kuwa mwalimu wa kambi ni somo la uongozi pia, maana kijana hujifunza kwamba mamlaka hufuata maarifa, wala hayafuati tai.

Wengine watauliza fedha zitatoka wapi. Wazazi wanaochangia mchele, maharage na mafuta ya taa au umeme kwa darasa la usiku wanaweza kuchangia mchele na maharage kwa kambi ya mtoni. Turubai, sufuria, majembe na sanduku la dawa si mali ya matajiri. Lililo adimu ni mwalimu aliye radhi kulala chini na kuongozwa na mwanafunzi wake kwa siku moja.

Na vyuo vikuu visijitenge. Sisi wanazuoni wa Kiswahili hulalamika kwamba istilahi za elimu ya viumbe ni haba, tukafanya vikao vya kuzitunga katika vyumba vyenye feni. Istilahi nyingi hazihitaji kutungwa, zahitaji kuokotwa. Ziko vinywani mwa Wazigua, Wasambaa na Wabondei, wavunao, wawindao na watibuo. Mwanafunzi wa shahada akikaa siku saba na vijana wa Ngombezi, daftari mkononi, akiandika jina la kila mti pamoja na kazi yake, atakuwa ameifaa lugha kuliko kwa makala kadhaa za kunukuu makala. Vijana nao watakuwa wamejua kwamba elimu ya juu yaweza kuinama ikachimba choo.

Mtihani utakuja na utapita, kama ulivyokuja na kupita kwa sisi sote. Nchi haitakoma kudai. Itadai watu wawezao kugawa maji wakati wa ukame bila kupigana, kukesha wenzao wakiwa wamelala, na kushuka cheoni zamu ikiisha. Watu hao hawapatikani kwa kurudia maswali ya mwaka jana usiku wa manane. Wapeni vijana likizo yao, na mlirudishie neno kambi maana yake.